King'ora wa Safu ya Cherehani

Mama yangu mdogo alikuwa na sauti mbaya. Sisemi kwa kumtukana, mwenyewe alikuwa akisema. Akiwa darasa la pili walimu walimtoa kwenye kwaya ya shule, kwa sababu akiimba yeye wenzake hawasikiki. Mume wake wa kwanza, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho, alipoondoka aliwaambia ndugu kwamba amechoka kuishi na mtu anayeomba chumvi kama vile nyumba inaungua. Sokoni wakampa jina la King'ora, likamganda. Hata mimi kuna siku ulimi uliniteleza nikamwita hivyo mbele za watu, akanipiga kibao cha mgongo kilichonikaa mpaka jioni.

Alifariki mwaka jana. Kwenye mazishi mwenyekiti wa soko alisimulia habari ya tingatinga kwa nusu saa nzima, watu wakatikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Ile habari nyingine hakuigusa. Basi nitaisema mimi, na nitaisema ninavyotaka. Asiyependa azibe masikio.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama mdogo akaja na begi tupu, akaingiza nguo zangu, akasema, "Twende. Na usilie njiani, watu watadhani nimekuiba." Akanifundisha kushona. Tumekaa cherehani kwa cherehani, goti kwa goti, miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua.

Kibanda chetu kilikuwa cha nne katika safu ya mafundi cherehani. Mabati juu, mbao ubavuni, mbele wazi. Cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia iliyofungwa kamba mguu mmoja, pasi ya mkaa, na ukutani ubao uliojaa misumari. Ubao ule ndio uliokuwa kumbukumbu yetu. Mama mdogo kusoma alisoma kidogo, kuandika hakupenda, na majina ya wateja alisema yanamtoroka. Basi mteja akileta kitambaa, kinakatwa kipande pembeni, kadiri ya kiganja cha mtoto, halafu kipande chenyewe kinakatwa katikati kwa mkasi unaoyumba jinsi mkono unavyotaka. Nusu inabaki kwenye mzigo, nusu anaondoka nayo mteja. Ukija kuchukua nguo, lete nusu yako. Kingo zikikutana, chukua uende. Zisipokutana, hata ungekuwa umevaa nguo za ndani za kitambaa hicho hicho, hupati kitu.

Mafundi wote wa safu waliiga utaratibu huo kwake. Lakini kulikuwa na sharti. Mzigo ukishatoka, zile nusu mbili zinabanwa pamoja kwa pini na kutundikwa msumarini papo hapo, ili mwenzako akirudi na kukuta mzigo haupo, aangalie ubao ajue umekwenda kwa mwenyewe. "Papo hapo," alikuwa akiniambia. "Si ukishamaliza kupiga chafya. Papo hapo!" Na mimi nilikuwa nikijibu ndiyo mama mdogo, nimesikia mama mdogo, huku nimegeuza macho juu.

Sasa, hilo tingatinga. Manispaa walikitaka kiwanja cha soko, sijui kwa ajili ya nini, kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake. Wakaja asubuhi mapema na tingatinga na askari sita. Mama mdogo alikuwa anatia mkaa kwenye pasi. Akaiweka chini, akatoka katikati ya njia, akapiga ukelele mmoja: "Wanabomoaaa!"

Jamani, watu walikuja. Kutoka gereji, kutoka stendi, kutoka mashine ya kusaga, mmoja ana povu shavuni na kinyozi wake yuko nyuma yake na wembe mkononi. Dereva wa tingatinga alizima mashine, akashuka, akaenda zake kama mtu aliyekumbuka ameacha bomba wazi nyumbani. Askari nao wakamfuata. Tingatinga lilikaa pale wiki tatu, kuku wakitagia kwenye kiti chake, mpaka wakubwa wenyewe wakaja na suti zao kuzungumza nasi kwa adabu. Tukapewa soko kwa maandishi. Tukajengewa vyoo. Tukapata bomba la maji. Barua tulizoandika kwa miaka saba hazikuwahi kutuletea hata ndoo moja.

Nalisema hilo wazi kwa sababu wako watu wanaokaa maofisini na kusema umati ni wehu. Si wehu. Bila umati ule leo ningekuwa natembeza sindano barabarani. Lakini siku ile ile, karani wa soko, mzee wa watu ambaye kazi yake ilikuwa kutugongea mihuri, alitolewa ofisini, akavuliwa suruali, akapitishwa safu hadi safu. Alikuwa na miguu myembamba na soksi moja imetoboka kisigino. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama mdogo alicheka, mimi nilicheka. Hakurudi kazini tena, na hakuna aliyeuliza alikokwenda.

Tangu hapo ikawa jambo lolote likitokea, King'ora aite. Moto kwenye magunia, aite. Mtoto kapotea, aite. Na wezi. Soko lina wezi, nisiwafiche. Watatu au wanne walikamatwa kwa sauti yake, wakapigwa, wakapelekwa kituoni wanachechemea, nasi tukarudi kazini tunasimulia nani alirusha teke zuri. Hakuna aliyekufa. Tulikuwa tukiambiana hivyo: si hakuna aliyekufa?

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mama mdogo alikuwa amekwenda chooni, na vyoo vyetu vile vya ushindi vina foleni ndefu. Nikabaki peke yangu natia zipu kwenye sketi. Akaja mwanamume wa makamo, suruali imejaa madoa ya rangi, nyeupe na buluu, mengine yamemrukia mpaka kwenye kope.

"Habari za kazi, dada. Nimetumwa na mama wa duka la dawa. Mimi ni fundi rangi, nampakia nyumba yake."

Akatoa nusu ya kipande cha zambarau, ameishika kwa ncha za vidole asiichafue. Mama wa duka la dawa alikuwa ameshonesha magauni matatu ya mabinti zake. Nikalinganisha, kingo zikakutana. Akaniomba nimfungie mzigo kwenye gazeti kwa sababu ya mikono yake. Nikamfungia. "Asante, kazi njema," akasema, akaondoka polepole, maana alitaka pia kutazama brashi mwisho wa safu.

Nikatafuta pini. Kwenye kibati cha pini hamkuwa na hata moja ya dawa. Mimi ndiye niliyepaswa kununua pini tangu jana yake. Nikazitia zile nusu mbili mfukoni mwa aproni, nikajiambia nitazibana nikirudi, nikatoka mbio kwenda duka la uzi, vibanda vinane mbele. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Dogo, eh? Pini.

Mama mdogo akarudi. Akakuta mzigo wa zambarau haupo rafuni. Akaangalia ubao, hamna kipande cha zambarau. Akaniita, sipo. Akatoka nje, akatazama huku na huku, akaona mwanamume asiyemjua amesimama mwisho wa safu, gazeti kwapani limechanika pembeni, na zambarau inachungulia. Akafanya alichozoea kufanya. "Mwiziii! Gauni za zambarau! Mwizi huyooo!"

Yule fundi rangi aliposikia aligeuka kumtafuta mwizi. Muuza vyombo aliyekuwa karibu naye ndiye aliyenieleza, na tangu anieleze sijalala vizuri. Alichuchumia kabisa, akanyoosha shingo, mzigo kwapani, akauliza, "Yuko wapi?" Kisha mtu mmoja akanyoosha kidole kwenye gazeti lake. Akaona macho yote yamemgeukia yeye. Akakimbia. Baadaye kila mtu alikuwa na wimbo huo mmoja: kama si mwizi, alikimbia nini? Nyie mngefanyaje? Mngesimama mtoe hotuba?

Mimi nikiwa duka la uzi niliisikia ile sauti, maneno sikuyashika, na mwili ukanisisimka kwa raha. Ndiyo, raha. Ukiwa umeinamia pindo tangu saa kumi na mbili asubuhi, mgongo unawaka, sauti ile ilikuwa ruhusa ya kunyanyuka. Niliacha kila kitu mezani, nikakimbia na wenzangu huku napiga kelele, "Mshike! Mshike!" Amshike nani, sijui. Nilimsukuma mama mmoja mwenye beseni ili nipate kuona.

Nilipofika mbele alikuwa amekaa chini, ameegemea nguzo ya bomba la maji. Amekaa, hai. Damu inamtoka sikioni na midomo inasema kitu ambacho kelele zilikifunika. Pembeni yake gazeti limeraruka na gauni la zambarau limetoa mkono mmoja nje. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Zile nusu mbili zilikuwemo.

Muda nilikuwa nao. Msiniambie sikuwa nao. Wa kusema: jamani, huyu nimempa mimi. Maneno manne. Lakini mbele yangu alikuwa amesimama mwenyekiti wa soko, muuza nyama, mtu mpole anayewapa wajane mifupa ya supu bure, jasho linamchuruzika, mchi mkononi, na macho yake hayakuwa ya mtu ninayemjua. Nikawaza, nikisema si mwizi, watasema mimi ndiye mwenzake. Niliogopa. Sina neno jingine, niliogopa. Nikarudi nyuma hatua moja, mtu mwingine akaingia nafasi yangu, na sikuona tena.

Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa amerudi alikotoka, kama aliyekuwa anapita tu. Mwenyekiti alinawa bombani, akajifuta kwa shati, akaenda kumalizia kumpimia mteja nusu kilo. Wakamletea mama mdogo mzigo wake, umekung'utwa vumbi na kukunjwa.

"Huu hapa, King'ora. Hata kifungo hakijapotea."

Akasema asante. Kisha akauliza, "Mmempeleka kituoni?"

Wakatazamana. Muuza vyombo akasema, "Hapana, mama. Yule hawezi kwenda tena."

Mama mdogo akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Mimi nikatia uzi kwenye sindano, ukatoka, nikatia tena, ukatoka.

Saa nane mchana akaja mama wa duka la dawa, amevaa miwani yake kwenye paji la uso, amekasirika. "Nyie mafundi mna nini lakini? Nimemtuma mtu tangu asubuhi, hajarudi, rangi inakauka kwenye ndoo!"

"Umemtuma nani?" mama mdogo akauliza.

"Fundi rangi wangu. Na kipande nimempa."

Mama mdogo akaangalia ubao. Kisha akaniangalia mimi. Sikusubiri aniulize, nikatoa zile nusu mbili mfukoni, nikaziweka mezani. Mama wa duka la dawa alielewa kabla yetu sote. Alirudi nyuma, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akasema, "Mimi sikuwepo. Mimi sijui lolote, msinitie. Naombeni nguo zangu." Akapewa. Akaondoka nazo, na sijawahi kuwaona mabinti zake wamezivaa.

Nilitegemea kipigo. Haki ya Mungu nilikitaka. Mama mdogo alizichukua zile nusu, akazilinganisha, zikakutana, akazilinganisha tena. Akaniuliza polepole, "Ulimwona kabla hajafa?"

"Sikumwona, mama mdogo. Nilikuwa nyuma."

Akaamini. Alikuwa amenilea, atanishuku kwa lipi?

Kesho yake wakaja polisi wawili. "Nani alimpiga?" Umati, wakajibiwa. "Umati unaishi nyumba namba ngapi?" Mwenzake akacheka. Wakaandika watu wasiojulikana, wakanywa soda, wakaenda. Watu wasiojulikana! Mmoja wao ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka hospitali nilipovunjika mkono. Mwingine alikuwa akinitunzia gazeti lenye mafumbo ya maneno kila Ijumaa.

Mama mdogo alitaka kuwafuata kituoni. Mwenyekiti akamwahi. Alikuja na maini yamefungwa kwenye karatasi, akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Dada," akasema, "nimesikia unataka kusema kwamba yule hakuwa mwizi."

"Hakuwa. Alitumwa."

"Sawa. Na sisi tutakuwa nani?"

Mama mdogo akafungua karatasi ya maini, akaifunga tena.

"Siku ya tingatinga ulituita, tukaja bila kuuliza. Ungetaka tuulize kwanza, saa hizi hapa pangekuwa uwanja mtupu. Na safari hii umetuita, tukaja bila kuuliza. Ni watu wale wale, dada. Sasa unataka kutugeuka?"

Aliongea bila hasira, kama mtu anayeomba. Alipoondoka mama mdogo alimpa paka wa jirani yale maini. Hakula vizuri wiki tatu. Wiki ya nne akaenda duka la rangi kuulizia marehemu alikuwa akiishi wapi, akaniambia nivae, tukaenda.

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji. Mama yake fundi rangi alikuwa akifua nguo za watu, mabeseni matatu yamepangwa mlangoni. Ndani kila ukuta ulikuwa na rangi yake, mmoja kijani, mmoja waridi, mmoja buluu, mabaki ya ndoo za kazini, lakini yamepakwa kwa unadhifu ambao sijauona kwenye nyumba za matajiri. Wajukuu wawili, wasichana, walikuwa nyumbani siku ya shule.

"Shikamoo, mama," mama mdogo akasema. "Mimi ndiye niliyepiga kelele." Akapiga magoti pale pale kwenye maji ya sabuni.

Yule mama aliendelea kukamua shuka mpaka likaisha maji. "Simama," akasema. "Magoti yako yatanisaidia nini?"

"Hakuwa mwizi, mama. Alitumwa. Nilikosea."

"Unaniambia mimi? Mimi nimemzaa. Nimesema hakuwa mwizi mpaka ulimi umeota sugu. Nani ananisikiliza? Mama gani atasema mwanangu alikuwa mwizi? Hawa watoto wameacha shule, wakienda wanaitwa watoto wa mwizi. Mwenye nyumba amenipa mwezi mmoja nihame, hataki ukoo wa wezi. Tulimzika watu watano, na mmoja alikuwa dereva." Akatundika shuka kwenye kamba. "Pole yako sitaki. Wewe ndiye watakayekusikia. Nenda pale pale, kaseme kwa sauti ile ile. Nataka jina la mwanangu, basi."

"Nitasema," mama mdogo akajibu.

Njiani kurudi alinishika mkono, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu nilipokuwa mtoto. "Peke yangu hawataniamini. Vipande watasema tumevikata jana. Mimi nitaita, wewe utasema ulimpa mwenyewe. Hilo tu. Utasema?"

"Nitasema, mama mdogo."

Nilikuwa na nia. Usiku mzima nilifanya mazoezi ya maneno yangu manne, nikayasema mpaka yakawa hayana maana.

Jumamosi, saa nne, soko limefurika. Mama mdogo akapanda juu ya kiti cha cherehani, akajaza kifua. "Jamaniii! Njooniii!"

Na walikuja! Kama zamani. Ndani ya dakika moja hapakuwa na pa kuweka mguu, na wamekuja na fimbo, na michi, na matofali. "Yuko wapi? Kakimbilia wapi?" Vijana walikuwa wanatazama chini ya meza.

"Hakuna mwizi," akasema. "Leo hakuna mwizi, na siku ile hakukuwa na mwizi. Yule fundi rangi alitumwa na mwenye nguo. Mimi nilikosea kuita, na tukamuua mtu asiye na hatia. Ana mama, ana watoto. Nataka tuseme hivyo sote, wakasikie huko nje."

Niliona kijana mmoja akiuteremsha mchi wake taratibu, akauficha nyuma ya mguu. Mwenyekiti akasogea mbele. "King'ora, shuka, utaanguka. Nani aliyempa huyo mtu mzigo?"

"Mwanangu huyu hapa. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho yale ya siku ile, yale ya kutisha. Hayakuwa yale. Yalikuwa yananiomba. Watu mia na zaidi, wauza nyanya, mafundi wenzangu, kinyozi, wote wananiomba niwaache waendelee kuwa watu wema. Niliwajua wote, na kesho ningeamka kufanya kazi katikati yao.

"Eti binti," mwenyekiti akauliza kwa upole, "ulimpa wewe?"

Nikasema, "Mimi nilikuwa duka la uzi."

Na ni kweli, nilikuwa duka la uzi. Kamuulizeni mwenye duka.

Mwenyekiti alishusha pumzi ndefu, nikaisikia ikipita kwa watu wote waliokuwa nyuma yake. "Basi," akasema. "Mama yetu amechoka jamani. Ana mawazo mengi." Wakamshika mikono wakamteremsha vizuri, wakamtafutia kivuli, mtu akaleta soda baridi. Kisha wakaondoka, huyu ana mteja, huyu ameacha sufuria jikoni. Hawakumtukana. Ningeona nafuu wangemtukana.

Tangu siku ile walisema King'ora amechanganyikiwa, lakini kwa huruma, na mimi wakanisifu kwamba nina busara, namtunza. Aliishi miaka minne zaidi. Hakupaza sauti tena. Hata moto ulipowaka upande wa magunia alitembea kwa miguu kwenda kumwambia mtu mmoja mmoja. Nami katika miaka hiyo sikusema, kila siku nikajiambia nitasema kesho.

Lakini niwaambie jambo la mwisho, ndilo linaloniua. Jumamosi ile ile, mchana, alifunika cherehani yake na kuniambia, "Twende. Yule mama anasubiri jibu." Hakunilaumu njia nzima. Nilitembea nyuma yake hatua mbili.

Yule mama alikuwa bado yupo kwenye mabeseni yake. Akajifuta mikono. "Wamesemaje?"

"Wamesema naumwa," mama mdogo akajibu.

"Wote?"

"Wote."

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kisha akaninyanyulia macho. "Na huyu binti yako? Naye alisema hivyo?"

Nilifungua mdomo. Mama mdogo akaniwahi.

"Huyu hakuwepo, mama. Nilikuwa nimemtuma mbali."

Yule mama akanitazama, uso ukalegea kidogo. "Afadhali," akasema. "Basi angalau huyu hakumkana mwanangu." Akainuka, akaingia ndani, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati kwa sababu jua lilikuwa kali. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikayanywa yote.